Helmeti isiyopiga kelele na isiyobana paji la uso: hapa Mwanza nichukue ipi?

#1 Mtanda wa Busisi

Mwangaluka wakuu.

Nauza dawa za mifugo, nazunguka na Boxer: leo Magu, kesho Sengerema, wiki nyingine Geita. Zamani safari ya Sengerema ilikuwa inakatwa na kivuko. Unafika Kigongo, unavua helmeti, unakula karanga, masikio yanapumzika. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 ni mwendo mmoja hadi ufike, na ndipo nilipoanza kuichukia helmeti yangu.

Ni ile ya kufunika uso wote. Sponji za mashavuni zimelala, kioo kina mikwaruzo kiasi kwamba usiku taa moja ya lori naiona tatu, na upande wa kulia hakifungi mpaka mwisho. Hayo navumilia. Nisiyoweza ni mawili. Nikipita 70 kichwa kinakuwa kama kiko ndani ya debe linalopigwa, nikifika nyumbani masikio yanalia mpaka napitiwa na usingizi. Halafu paji la uso linauma, nikivua nakuta mstari umejichora.

Nataka mpya. Bajeti laki mbili, nikibanwa sana tatu. Imani yangu ni kwamba helmeti nzito ndiyo huwa kimya, maana ukuta wake ni mnene. Hata muuzaji mmoja kaniambia hivyo hivyo. Wajuzi mnasemaje?

#2 Sangara Mkavu

Nimevuta kiti. Karanga za Kigongo ninazo.

#3 Kobe wa Nyegezi

Huyo muuzaji alikuwa na mzigo mzito wa kumaliza stoo.

Uzito hauhusiani na ukimya, mkuu. Kelele nyingi huingia kwa chini, pale shingoni na kwenye kidevu, siyo kupitia ganda. Upepo ukipita chini ya helmeti unajikunja, unapanda ndani, unatua moja kwa moja sikioni. Jaribu leo: funga kitambaa shingoni, kijae vizuri kati ya kidevu na kola ya koti, kisha piga mwendo ule ule. Ukisikia tofauti, njoo uniombe radhi kwa niaba ya muuzaji.

Helmeti ya kilo moja na nusu inatosha sana. Ukibeba ya karibu kilo mbili kwa safari ya Geita, shingo itakudai.

#4 Fundi Mabatini

Kobe upo sahihi nusu. Mleta uzi kasema kioo hakifungi upande wa kulia. Hapo ndipo pa kuanzia, mengine baadaye.

Chukua kipande cha karatasi, weka kwenye ukingo, funga kioo, vuta. Karatasi ikitoka kirahisi, raba haikamati. Zungusha upande wote, utapata sehemu inayovuja. Helmeti nyingi zina skrubu mbili za pembeni zinazoshika kioo. Legeza, sukuma kioo kirudi kwenye raba, kaza tena. Ukiweza, paka raba grisi kidogo ya silikoni. Nimezirekebisha nyingi hivyo na wenyewe wakaahirisha kununua mpya.

#5 Dogo Nyakato

Boxer 150 halafu unatafuta ukimya? Badilisha ekzosi kwanza mzee 😂

#6 Mwendo Pole Kisesa

Dogo, ukipita 60 au 65 hivi, upepo unaizidi injini kwa kelele, hata ekzosi iwe imetoboka. Wewe hujawahi kufika huko kwa sababu kila siku umekwama Mabatini kwenye foleni.

#7 Dogo Nyakato

Nimekufa. Endeleeni.

#8 Mwalimu wa Butimba

Salaam. Wote mmerukia kelele, lile la paji la uso mmelipita. Mimi naona ndilo kubwa, tena linaamua lile la kwanza.

Watu hununua kwa herufi, M au L, kana kwamba vichwa vyote vimetoka kwenye kalibu moja. Mtazame mtu kwa juu, ukiwa umesimama nyuma yake naye amekaa. Kuna mwenye kichwa cha duara, kuna cha yai, kuna kirefu kutoka paji hadi kisogoni na chembamba pembeni. Watengenezaji wanajua hilo. Arai, kwa mfano, wana modeli za kichwa kirefu na za kichwa cha duara. Hizi za bei yetu huja na umbo moja, na mara nyingi ni la duara au la katikati.

Kichwa kirefu ukikiweka kwenye helmeti ya duara, kinagonga mbele na nyuma, pembeni kunabaki nafasi. Maumivu yanakaa pointi moja, katikati ya paji, na baada ya nusu saa unatamani kulia. Duka halitakuonyesha hilo, maana wewe unaivaa dakika moja, unajitazama kwenye kioo, unalipa.

Sasa pima. Futi ya fundi cherehani, izungushe juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, ipite sehemu ya kisogo iliyotokeza zaidi. Pima mara tatu, chukua namba kubwa. Kwa kampuni nyingi 57 hadi 58 ni M, 59 hadi 60 ni L, 61 hadi 62 ni XL, ila kila kampuni ina jedwali lake, usikariri. Kisha vaa helmeti yako, tuambie: pembeni juu ya masikio kidole kinaingia au hakiingii?

#9 Mtanda wa Busisi

Shukrani mwalimu. Nimepima kwa futi ya mke wangu, ni 59. Kidole kinaingia pembeni, tena viwili. Mbele hakiingii hata ukucha.

Mke wangu amenitazama kichwa kwa juu akacheka. Amesema ni embe.

#10 Mwalimu wa Butimba

Mpe shemeji hongera, kagundua ugonjwa. Kichwa chako ni kirefu.

Angalia mtego uliopo: muuzaji atakwambia chukua XL. Ukichukua, paji litapona, lakini mashavu na pembeni patacheza, helmeti itatikisika kwenye upepo, kelele itaongezeka, na siku ukianguka itazunguka au kuvuka. Umbo ndilo la kubadilisha, saizi iache.

#11 Fundi Mabatini

Mwalimu, umbo atalipata wapi kwa laki mbili? Kuna njia ya mtaani: unabadilisha sponji. Za mashavuni zinachomoka kwa vifungo, nyingine huuzwa nene na nyembamba. Unaweka nene pembeni.

#12 Mwalimu wa Butimba

Kuongeza sponji pembeni sawa. Lakini wapo wanaominya lile povu gumu jeupe kwa kijiko ili paji lipate nafasi. Hilo msifanye jamani. Lile povu ndilo kinga yenyewe, linapondeka mara moja tu wakati wa kugonga ili kichwa kisimame taratibu. Ukiliponda dukani, umekwisha litumia.

#13 Binti Kitangiri

Na sisi wenye misuko mnatuweka wapi? Naendesha skuta kwenda kazini Pasiansi. Nikiwa nimenyoa ni 56. Nikisuka rasta nene ni 59. Nikivaa wigi, Mungu anajua. Helmeti niliyopimia kichwa kitupu ndiyo hiyo hiyo inanifinya mwezi mzima wa misuko, na sponji ikishalegea, nikifumua inanicheza kichwani tu.

#14 Sangara Mkavu

Nunua mbili dada. Moja ya mwisho wa mwezi, moja ya katikati.

#15 Binti Kitangiri

Nitakutumia namba ya kulipia.

#16 Mama Igoma

Dada yangu Kitangiri, mimi nimepita humo. Suka mistari ya kulala kuelekea nyuma, fundo lisikae kisogoni, literemke chini ya shingo. Juu vaa kile kikofia chepesi cha kitambaa laini. Helmeti inaingia bila kukwangua, na jasho linaishia kwenye kikofia ambacho unafua jioni. Pimia helmeti ukiwa na huo msuko unaovaa mara nyingi. Rasta nene uziache, au siku hizo panda daladala.

Na nyie wa bodaboda, ile ya abiria mnayoning'iniza kwenye usukani mnaifua lini? Nilivaa moja pale Buzuruga, harufu ilinisindikiza hadi kanisani.

#17 Bodaboda Mstaafu

Shikamoo mama Igoma. Abiria wenyewe hawataki kuivaa, anaishika mkononi hadi aone trafiki. Sasa niifue kwa ajili ya nani?

#18 Mama Igoma

Marahaba. Kwa ajili yangu.

#19 Nesi wa Zamu

Naona mnaongea mpaka sponji, ila mleta uzi alisema masikio yanalia mpaka analala. Hiyo si ya kupita juu juu kaka yangu.

Ukomo unaotumika sana kwa kelele za kazini ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila ukiongeza desibeli 3, muda salama unakatwa nusu kwa kanuni inayofuatwa na wataalamu wengi wa masikio: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, ukifika 100 una dakika kama kumi na tano tu. Ndani ya helmeti, kwa mwendo wa 100 kwa saa, kelele ya upepo inaweza kufika hapo na hata kupita. Hata kwenye hizi za kusifiwa, akina Schuberth na Shoei, upepo hauishi, unapungua. Masikio yakilia baada ya safari, zile seli za ndani zimechoshwa. Zikichoshwa mara nyingi zinakufa na hazioti tena, huwa hakuna dawa ya kuzirudisha.

Kwa hiyo kabla ya laki mbili, tumia shilingi chache ununue vizibo vya masikio vya sponji. Unakisokota kiwe chembamba, unavuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, unakiingiza, unakishikilia kitanuke. Kikiwekwa vizuri kinapunguza desibeli ishirini na zaidi. Hakuna helmeti inayokupa hiyo tofauti.

Na nenda kapimwe masikio.

#20 Mwendo Pole Kisesa

Nesi naheshimu kazi yako, lakini kuziba masikio barabara ya Musoma ni kujitafutia. Honi ya basi utaisikiaje? Haya mabasi yakikufikia Magu yanakuja na mwendo wao.

#21 Kobe wa Nyegezi

Utaisikia vizuri zaidi. Upepo unafunika kila kitu, ukiupunguza honi inabaki juu. Natumia vizibo safari ndefu, nasikia hadi mnyororo unapolegea.

#22 Mwendo Pole Kisesa

Wewe unasikia mnyororo kwa sababu umelegea kweli. Hiyo nadharia yenu naisoma kila mahali, ila mimi sikio langu likizibwa nakosa kujua sauti inatoka upande gani. Kushoto, kulia, zote zinakuwa katikati.

#23 Nesi wa Zamu

La upande wa sauti nakubali, watu wengine linawasumbua. Ndiyo maana viwe vya safari ndefu. Mjini kwenye foleni ya Nyerere usizibe.

#24 Bodaboda Mstaafu

Nikiziba masikio abiria akisema "shusha hapa" nitampeleka hadi Usagara.

#25 Mtumba Halali

Mnahangaika na za madukani. Nendeni Mlango Mmoja au kwa wanaoleta vitu vya Japani. Mimi navaa Arai ya mtumba, nimeilipia chini ya bajeti ya mleta uzi, na kimya chake hata mkibishana mwaka mzima hamtakifikia. Ina sponji inayotoka yote unafua.

#26 Fundi Mabatini

Ya mwaka gani?

#27 Mtumba Halali

Sijui. Inang'aa.

#28 Fundi Mabatini

Toa sponji ya kichwani utaona karatasi ndogo yenye mwezi na mwaka. Na ile iliyoanguka nayo inang'aa baada ya kupigwa polishi. Ganda linarudi, povu la ndani halirudi. Helmeti ya mtu usiyemjua ni kama... basi nisiseme, kuna watoto humu. Sheria inasema miaka mitano, tupa.

#29 Ngalawa Nne

Sheria gani hiyo fundi? Miaka mitano ni ushauri. Snell, wale wapimaji wa Marekani, ndio wanashauri hivyo, na watengenezaji wengi wanasema mitano ya matumizi au saba tangu kutengenezwa. Hakuna trafiki wa kukukamata kwa umri wa helmeti. Wapo pia wanaosema povu lenyewe linadumu, kinachochakaa ni gundi, sponji na mkanda kwa jasho na jua. Na wapo wanaosema ni ujanja wa kuuza mpya.

#30 Fundi Mabatini

Ushauri basi. Lakini ya Mtumba Halali ni ya kabla hajazaliwa.

#31 Dogo Nyakato

Mimi yangu ina alama ya E4, yaani nyota nne. Nimetulia.

#32 Ngalawa Nne

Ooh Dogo. Ile E na namba ndani ya duara ni nchi iliyoidhinisha. E1 Ujerumani, E2 Ufaransa, E3 Italia, E4 Uholanzi, E9 Hispania, E11 Uingereza. E11 haimaanishi nyota kumi na moja.

Nyota ni habari nyingine, ni mpango wa serikali ya Uingereza unaoitwa SHARP, ulianza 2007, unapima kinga na kutoa nyota moja hadi tano. Kelele na starehe hazimo.

Kwa anayenunua: usiishie kwenye stika ya nyuma. Alama ya ECE, yaani hiyo E ya kiwango cha Umoja wa Mataifa, inashonwa kwenye mkanda wa kidevuni. Tafuta kile kitambaa, soma namba. Ikianza na 06 ni kiwango kipya cha 22.06, kilichoanza 2021, ambacho kinapima hata mgongano wa kuzungusha kichwa. Ikianza na 05 ni cha kabla yake, bado si takataka. Baada ya namba kuna herufi: P ni kidevu kinachokinga, J ni ile ya uso wazi, NP ni kidevu cha mapambo. DOT, alama ya usalama ya Marekani, mtengenezaji anajithibitishia mwenyewe, serikali inakuja kununua sokoni na kupima baadaye. Ndiyo maana stika za DOT zinabandikwa hata kwenye ndoo.

#33 Dogo Nyakato

Nimeenda kuangalia mkanda. Hakuna kitambaa. Stika ya E4 imebandikwa nyuma na gundi inatoka.

#34 Fundi Mabatini

Lete pale kijiweni tuifungue.

#35 Fundi Mabatini

Wakuu, Dogo kaleta. Nimechomoa kitambaa cha ndani, kilikuwa kimeshikwa na gundi ya viatu. Chini yake kuna sponji ya godoro, unene wa kidole changu kidogo, kisha ganda. Povu gumu hakuna kabisa. Nimebonyeza ganda kwa vidole gumba viwili, likaingia ndani, likarudi likilia "tap". Juu limeandikwa jina la kampuni kubwa ya mbio za pikipiki. Kwa kulinganisha nilifungua yangu: povu jeupe limezunguka kichwa chote, zaidi ya sentimita mbili.

Dogo ameondoka kwa miguu.

#36 Sangara Mkavu

E4 ya godoro.

#37 Mzee wa Kigongo

Wanangu, nimewasoma wote. Mimi natoka upande huu wa daraja. Hamjazungumza upepo wenyewe. Mchana ziwa linasukuma upepo kuja nchi kavu, na pale juu ya daraja ni kama kilomita tatu za maji kushoto na kulia, hakuna mti wala nyumba ya kuukata. Unakupiga ubavuni. Helmeti ambayo Nyegezi ipo kimya, pale inapiga mluzi. Aliyeizoea njia hupita asubuhi mapema. Je, kijana unapita saa ngapi, na pikipiki ina kile kioo cha mbele?

#38 Mtanda wa Busisi

Shikamoo mzee. Narudi alasiri, saa tisa au kumi. Kioo cha mbele ninacho, fundi alinifungia ili upepo usinipige kifuani.

#39 Ngalawa Nne

Marahaba kwa niaba ya mzee, na hapo mzee kafumua kila kitu. Kioo kifupi kinatoa upepo kifuani na kuurusha juu ukiwa umevurugika, unakuja kutua usawa wa kidevu. Upepo ulionyooka una sauti ndogo kuliko uliovurugika. Kipimo: kwenye sehemu nyoofu isiyo na magari, inuka kidogo kwenye kanyagio kichwa kipande juu ya huo mkondo. Kelele ikibadilika ghafla, ukakuta sauti laini, helmeti haina hatia. Kioo ndicho.

#40 Kobe wa Nyegezi

Nilisema kidevuni tangu namba 3.

#41 Fundi Mabatini

Na mimi nilisema kioo. Cha helmeti au cha pikipiki, ni kioo.

#42 Mtanda wa Busisi

Wakuu nimerudi na majibu, safari ya Sengerema.

Kitambaa shingoni: imepungua, naona wazi. Kuinuka kwenye kanyagio: kweli ngurumo inakatika, nikikaa inarudi. Halafu nikabandika ile selotepu ya karatasi ya mafundi rangi kwenye ukingo wa kioo cha helmeti na kwenye matundu ya hewa ya juu. Mluzi ukafa kabisa, ngurumo ikabaki. Kwa hiyo nina sauti mbili, si moja. Vizibo vya nesi nimeweka wakati wa kurudi. Usiku wa jana masikio hayakulia.

Joto lakini! Matundu yakizibwa, Usagara nilikuwa nachemka.

#43 Mwalimu wa Butimba

Huo ndio mzani: matundu mengi, hewa nyingi, kelele nyingi. Kwa jua letu mimi nachukua hewa na kuziba masikio.

#44 Mwendo Pole Kisesa

Mimi nachukua kimya na kwenda pole pole. Jina lenyewe linasema.

#45 Kobe wa Nyegezi

Mtanda ondoa hicho kioo cha pikipiki, utapona bure.

#46 Ngalawa Nne

Au akipandishe. Kirefu kinachorusha upepo juu ya helmeti kinasaidia.

#47 Kobe wa Nyegezi

Kirefu kwenye upepo wa ubavuni pale darajani? Mpelekee yeye, mimi nipo Nyegezi.

#48 Msafiri wa Lamadi

Samahani naingilia. Hizi zinazofunguka kidevu zikoje? Nataka niwe naongea na watu bila kuvua. Pia jioni ukipita karibu na ziwa wale wadudu wakitoka wingu zima, kioo kinakuwa uji. Mnasafishaje?

#49 Ngalawa Nne

Zinazofunguka ni rahisi kuvaa, hasa kwa wenye miwani. Ila zina uzito zaidi na ule mkato wa kidevu ni njia nyingine ya upepo. Ukitaka kutembea imefunguliwa, hakikisha mkanda una P/J. Ikiwa P peke yake, kidevu kinatakiwa kifungwe ukiwa mwendoni.

#50 Fundi Mabatini

Wadudu: loweka kitambaa kwa maji, kilaze juu ya kioo dakika kadhaa walainike, kisha futa kwa upole na sabuni kidogo. Ukikwangua wakiwa wakavu, mikwaruzo ni ya kudumu. Petroli na thina vikae mbali, vinadhoofisha plastiki ya kioo na hata ganda lenyewe. Nawaona kijiweni mnafanya.

Na kwa sababu hiyo, nunua helmeti ambayo kioo chake cha akiba kinauzwa hapa hapa. Wengi wanatupa helmeti nzima kwa kukosa kioo.

#51 Mtumba Halali

Kioo cha Arai mtapata wapi?

#52 Fundi Mabatini

Ndiyo swali nililokuwa nasubiri ujiulize.

#53 Mtanda wa Busisi

Basi majina. Kwa bajeti yangu naona LS2, MT, na hizi za India, Studds na Vega. Duka moja mjini nimeomba niivae nusu saa, jamaa akasema nikiitoa jasho nimeinunua.

#54 Mwalimu wa Butimba

Hama duka. Ya plastiki ngumu iliyo na alama halali inatosha, usione haya kwa kukosa ya faiba. Ukivaa, mashavu yabanwe hadi uongee kama una andazi mdomoni, hayo yatalegea sponji zikizoea. Paji lisiwe na pointi inayouma, hilo halitalegea. Funga mkanda, mwambie mwenzio ainue helmeti kwa nyuma kuelekea mbele. Ikivuka, iache. Kwa kichwa cha shemeji... samahani, kwa kichwa chako, jaribu kila modeli iliyopo, maana hata kampuni moja modeli mbili huwa na maumbo tofauti.

#55 Binti Kitangiri

Kaka Mtanda, MT yangu ilinikaa vizuri, ila kichwa changu ni duara. Usichukue kwa sababu yangu.

#56 Mwendo Pole Kisesa

LS2 yangu ina kile kioo cheusi cha ndani cha kushusha. Kitamu jua la alasiri, ila pale kinapoingia kuna mluzi. Au ni kichwa changu.

#57 Kobe wa Nyegezi

Ni mkanda. Ncha inayoning'inia inapiga ganda. Ikunje.

#58 Mwendo Pole Kisesa

Nimeikunja. Ni kioo.

#59 Kobe wa Nyegezi

Basi ni kichwa.

#60 Mtanda wa Busisi

Jumamosi naingia madukani na mke wangu na futi. Nesi, vile vizibo vya sponji vinachafuka haraka, kuna vya silikoni vya kuosha? Duka la dawa nililoulizia walinipa pamba.

#61 Mchimbaji Geita

Njoo huku mkuu, sisi mgodini tunavaa vya kila aina, vya kamba, vya silikoni. Maduka ya vifaa vya usalama Geita mjini vinauzwa kwa pakiti. Ukija na dawa za ng'ombe wa baba yangu nakupeleka mwenyewe.

#62 Mtanda wa Busisi

Ng'ombe wangapi?

#63 Mchimbaji Geita

Njoo tuongee. Na mbwa wawili.

#64 Dogo Nyakato

Msimalize stoki, na mimi naja. Ila sina helmeti, nani ana ya kuniazima hadi Geita?

#65 Mtumba Halali

Ninayo Arai.

#66 Fundi Mabatini

Dogo, panda basi.